Sikio Lililozoea Kosa

Koko alifika kwetu Himbi mwaka 2021, miezi michache baada ya Nyiragongo kutapika moto. Alitoka Lubero na sanduku moja, vitenge vyake, na Kiswahili cha sokoni kilichomtosha kusalimiana, kununua na kugombana na majirani wote wa barabara yetu. Baadaye akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulirudi, mguu ukarudi, lakini Kiswahili hakikurudi chote. Yalitangulia kupotea majina ya vitu, zikafuata sentensi nzima, na leo mchana kutwa anasema Kinande tu. Jambo hili limeripotiwa kwa wazee wengine wenye lugha zaidi ya moja: lugha iliyoingia mwisho huweza kuwa ya kwanza kutoka.

Vipindi vyangu vingi ni vya asubuhi, basi kuanzia saa nane mimi ndiye ninayebaki naye. Mimi ni Munande kwa baba na kwa mama, nina miaka 24, nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na Kinande nilikuwa nakijua kwa salamu na nyimbo za harusini tu. Tulilelewa kwa Kiswahili, tukasomeshwa kwa Kifaransa. Alasiri moja nilitaka kumwambia Koko kwamba tumelima kile kibustani kilicho nyuma ya nyumba, katikati ya mawe ya volkano. Nikatumia kitenzi erilima bila wasiwasi, maana ni kulima kwetu kulekule. Koko alicheka mpaka akashika mbavu. Mama alipotoka jikoni akanieleza: "Umemwambia tumeiangamiza."

Koko akalirudia neno sahihi, kisha langu, kisha lile sahihi tena, polepole, kama anavyofundishwa mtoto. Mara zote tatu nilisikia neno moja. Kusema vibaya ni jambo la kawaida kwa anayejifunza. Kilichonitia hofu ni kwamba hata kosa lenyewe sikulisikia.

Wenzangu wa fonolojia wameshajua tunaelekea wapi. Kinande kina irabu saba za msingi, Kiswahili kina tano. Kuna i inayotamkwa shina la ulimi likiwa limesogezwa mbele, nami nitaiita i iliyobana, na kuna i ambayo shina la ulimi halisogezwi, nitaiita iliyolegea. U nayo ina jozi yake. Erilima yenye i iliyolegea ni kulima, na yenye i iliyobana ni kuangamiza. Zikiandikwa bila alama, ni mapacha.

Kinachopendeza, na ambacho sikukiona mpaka nilipofungua daftari la isimu historia, ni kwamba Kiswahili hakikuitupa tofauti hiyo, kiliihamisha. Kibantu cha kale kilikuwa na irabu saba pia. Shina lenye i iliyolegea ndilo lililotupa kulima. Lile lenye i iliyobana, lenye maana ya kuzimika na kupotea, liliilazimisha konsonanti iliyolitangulia kubadilika kuwa z, na ndipo tukapata kuzima. Irabu mbili zikaungana kuwa moja, lakini tofauti ilikuwa imeshakimbilia kwenye konsonanti. Kwa hiyo babu zetu wa lugha walisikia barabara kile nisichokisikia mimi. Sikio langu halikuzaliwa na upungufu. Limefundishwa, tangu utotoni, kutojali.

Hili la kufundishwa kutojali lina ushahidi mzuri. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi sita hadi minane, waliokuwa wakilelewa kwa Kiingereza, waliweza kutofautisha sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji wa Kanada ambazo wazazi wao hawakuweza kuzitofautisha. Kufikia miezi kumi hadi kumi na miwili uwezo huo ulikuwa umeshuka sana. Mtoto hupoteza uwezo huo kwa kuielewa kazi aliyopewa: nyumbani kwao tofauti ile haibebi maana, basi ya nini kuihangaikia?

Swali langu lilikuwa la mtu mzima. Je, nimechelewa? Nyumbani jibu lilikuwa tayari, na lilikuja kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Mjomba aliongeza ile nyingine ya udongo kuwahiwa ungali maji. Darasani mwenzangu mmoja alisema nina sikio la mjini, na wengine wakacheka kwa kuwa nao wanalo. Hata vitabu havikunifariji mara moja. Mwaka 1967 Eric Lenneberg aliandika kwamba lugha ina kipindi chake maalumu, kati ya miaka miwili na kubalehe. Mwaka 2018 Joshua Hartshorne na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu takriban 670,000 waliojibu maswali ya sarufi ya Kiingereza kwenye intaneti, wakakadiria kwamba uwezo wa kujifunza sarufi hubaki juu hadi karibu miaka 17, kisha huanza kushuka. Mimi nilikuwa nimeshaupita mpaka huo kwa miaka saba. Lakini kushuka si kufungwa, na hapo ndipo niliposhikilia.

Kuna msemo unaopendwa sana siku hizi katika semina za vijana hapa mjini: ubongo hubadilika, basi amini unaweza, nawe utaweza. Nusu ya kwanza ni kweli. Wanasayansi huiita hali hiyo unyumbufu wa ubongo, yaani uwezo wa ubongo kubadili miunganiko ya seli zake za neva, na hata umbo la baadhi ya sehemu zake, kutokana na matumizi. Nchini Uswidi, Johan Mårtensson na wenzake waliwapima vijana waliochukuliwa na jeshi kusomea ukalimani, waliotakiwa kujifunza Kiarabu, Kidari au Kirusi kwa kasi ya kutisha. Matokeo yalitoka mwaka 2012: baada ya miezi mitatu ya masomo makali, hipokampasi yao, sehemu inayohusika sana na kumbukumbu, ilikuwa imekua, na baadhi ya maeneo ya gamba la ubongo yalikuwa yameongezeka unene. Wanafunzi wengine wa chuo, waliosoma kwa bidii pia lakini si lugha, hawakuonyesha badiliko hilo. Kwa sisi wa Kivu unatugusa zaidi utafiti wa Manuel Carreiras na wenzake wa mwaka 2009. Wao waliwachunguza wapiganaji wa zamani wa Kolombia, watu waliotoka msituni wakarudi kwenye maisha ya kawaida, na wakajifunza kusoma wakiwa tayari watu wazima. Walipolinganishwa na wenzao ambao hawakuwa wamejifunza bado, ubongo wa wasomaji hao wapya ulikuwa na tofauti za wazi, pamoja na njia imara zaidi zinazounganisha pande mbili za ubongo. Nikisikia mtu akisema mama fulani ni mzee mno kwa darasa la kusoma na kuandika, huwakumbuka wale wapiganaji.

Nusu ya pili ya msemo ndiyo inayonisumbua. Ubongo haubadiliki kuelekea kwenye wema. Hubadilika kuelekea kwenye kile kinachorudiwa. Donald Hebb alilieleza jambo hili mwaka 1949: seli moja ikishiriki mara kwa mara kuiwasha nyingine, muunganiko kati yao huimarika. Hakuna mlinzi mlangoni anayeuliza kama kinachorudiwa ni sahihi. James McClelland na wenzake walilifuatilia wazo hilo kwa Wajapani watu wazima wanaojifunza r na l za Kiingereza, sauti ambazo masikioni mwao huangukia kwenye kapu moja. Kila mara msikilizaji anaposikia r au l na ubongo ukaitia kwenye kapu lile lile, kapu linazidi kuwa imara. Yaani mtu anaweza kukaa London miaka ishirini, akisikia Kiingereza kila siku, na kila siku hiyo ikamfundisha kutosikia. Kinachomzuia kujifunza ni kujifunza kwenyewe.

Niliposoma hoja hiyo niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimepanga kukaa tu na Koko, kumsikiliza alasiri baada ya alasiri, nikiamini Kinande kitaniingia kama mvua inavyoingia ardhini. Kumbe kila erilima niliyoisikia ilikuwa inaongeza mfuniko mmoja juu ya ule uliokuwapo.

Njia ya kutoka ilijulikana pia kwa r na l. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni, waliokuwa Chuo Kikuu cha Indiana, walichapisha mazoezi waliyowapa Wajapani kwa wiki tatu hivi. Msikilizaji alisikia neno, akachagua kama ni la r au la l, akaambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Maneno yalisemwa na watu mbalimbali, na sauti iliwekwa mahali mbalimbali katika neno. Waliimarika. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba waliofunzwa kwa sauti ya msemaji mmoja tu walikwama walipomsikia mtu mwingine, na kwamba mafanikio ya waliofunzwa kwa sauti nyingi yalidumu kwa miezi kadhaa. Huo si uchawi, wala hakuna aliyegeuka kuwa mzawa wa Chicago. Lakini kapu lilipasuka.

Hapa sasa ndipo mtazamo unapoingia, na mimi naona unaingia kwa mlango mwembamba kuliko tunavyohubiriwa. Carol Dweck, ambaye kitabu chake cha mwaka 2006 ndicho kilicholieneza wazo hili, hutenganisha watu wanaoamini akili ni mgao usiobadilika na wanaoamini inaweza kukuzwa. Mwaka 2011 Jason Moser na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Michigan State, waliwawekea wanafunzi 25 elektrodi kichwani na kuwapa kazi ya kutambua herufi kwa haraka, kazi ambayo lazima ukosee. Walioamini akili hukua walionyesha wimbi kubwa zaidi la ubongo muda mfupi baada ya kukosea, wimbi linalohusishwa na kulitambua kosa na kulitilia maanani, na walifanya vizuri zaidi katika jaribio lililofuata kosa. Wanafunzi 25 ni wachache, nisije nikajenga gorofa juu ya nguzo moja. Ila jinsi nilivyoelewa, faida ya mtazamo haiko kwenye kujisifu mbele ya kioo. Iko katika sehemu ile ya sekunde baada ya kukosea: unaangalia kosa, au unageuza uso?

Na mtazamo peke yake ni dawa hafifu. David Yeager na wenzake walichapisha mwaka 2019 jaribio la wanafunzi karibu 12,000 wa shule za sekondari Marekani. Somo la chini ya saa moja, kwamba ubongo hukua kwa jitihada, lilipandisha alama za waliokuwa nyuma kwa karibu sehemu moja ya kumi ya alama, katika kipimo cha alama nne. Ni kidogo, ingawa kwa somo fupi namna hiyo si haba. Cha kuzingatia ni kwamba lilifanya kazi zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe kwa wenyewe waliona ni kawaida kukabili magumu. Mwaka huohuo, nchini Uingereza, jaribio kubwa katika shule za msingi halikuona maendeleo ya ziada yoyote. Mbegu inahitaji shamba. Darasa ambalo mtu akikosea matamshi anachekwa hadi muhula unaisha linaweza kubandika mabango ya kutia moyo ukutani kote, na bado kila mtu atajifunza kunyamaza.

Ukitaka kuona shamba zuri, nenda Kituku, ukingoni mwa ziwa, siku ya soko. Wanashuka akina mama kutoka Idjwi na bidhaa zao, na wengi Kihavu ndicho walichokulia. Wapo wanaosema wazi kwamba Kiswahili walikipata wakiwa tayari na watoto. Hakuna aliyewahutubia kuhusu mtazamo. Lakini ukisema elfu mbili ukikusudia elfu kumi, mnunuzi analipa na kuondoka, na somo limekwisha. Kosa linaonekana, linauma kidogo, linasahihishwa, na kesho unarudi kwa sababu lazima urudi. Sisi wa kitivo tuna vitabu vingi kuliko wao, lakini masahihisho ya haraka namna ile hatuna. Kazi ya mwaka mzima hurudi na alama moja nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza.

Basi nikajitengenezea Kituku yangu. Nilirekodi kwa simu vitenzi 40 vya Kinande, nusu vyenye irabu iliyobana katika shina, nusu vyenye iliyolegea. Wasemaji walikuwa watano: Koko, mama, fundi viatu aliyetoka Butembo, muuguzi mmoja jirani, na kijana mwendesha pikipiki anayeegesha kwenye kona yetu. Mdogo wangu alichanganya rekodi, nami nikajibu "imebana" au "imelegea", naye akaniambia papo hapo. Alifurahia kupita kiasi kila nilipokosa. Kipaji cha ualimu anacho, huruma hana.

Wiki ya kwanza nilipata 22 kati ya 40. Sarafu ikirushwa hupata 20. Wiki ya tatu nikapata 21.

Siku hiyo nilitaka kuacha, na ningeacha kwa heshima zote, nikiwa na Lenneberg mkononi. Kilichonirudisha kilikuwa karatasi ya makosa. Kwa vile kila kosa lilikuwa limeandikwa, niliona kwamba sikuwa nakosea ovyo: nilikuwa nakosea kwa wasemaji wote, kwa maneno yaleyale. Maana yake nilikuwa na kanuni, ila mbovu. Nikarudi kwa Ngessimo Mutaka, mwanaisimu Munande ambaye kitabu chake kuhusu toni za Kinande cha mwaka 1994 na makala zake juu ya irabu ni hazina yetu tusiyoitembelea vya kutosha. Kinande kina upatanifu wa irabu. Irabu ya shina ikibana, irabu za kiambishi eri- kinachoitangulia hubana pamoja nayo, na shina likilegea kiambishi hubaki kimelegea. Erihuka, kupika, inabana toka mwanzo. Erihuma, kupiga, imelegea toka mwanzo. Tofauti niliyokuwa naitafuta ndani ya irabu moja ilikuwa imeenea neno zima, na mimi nilikuwa nimelikazia sikio shina tu, kama tulivyozoezwa na kamusi, ambako kiambishi ni mlango wa kupita haraka.

Nikaanza kusikiliza eri-. Katika eri- ya kulegea e inafunguka, karibu na e ya Kifaransa katika neno mère. Katika ile ya kubana inasogea kwenye é. Hapo Kifaransa cha shule, ambacho nimekilalamikia maisha yangu yote, kilinipa tofauti ambayo Kiswahili hakikuweza kunipa. Na kwa ile jozi iliyonichekesha mbele ya Koko, niliongeza mbinu ya kitoto: nikisikia kubana, naiwaza zima. Wiki ya tano nilipata 29. Wiki ya kumi, 35.

Hilo ni sikio la mtu mmoja, nyumba moja, na mdogo mtu mmoja mkali. Silitoi kama utafiti. Tulipomleta msemaji wa sita, shangazi aliyetoka Beni, nilishuka hadi 30, jambo ambalo watu wa Indiana wangelitabiri. Toni sijazigusa. Tena kusikia si kusema: ulimi wangu bado unasitasita, na nikiharakisha narudi kwenye irabu tano za mjini.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha mchana wote na umeme ulikatika mapema. Koko alikuwa ameketi karibu na dirisha akiangalia kile kibustani. Akauliza kitu kuhusu shamba lake la Lubero. Nililisikia eri- likifunguka kabla hata shina halijafika: alikuwa anauliza ni nani analilima sasa. Nikamjibu kwa Kinande, polepole, ulimi umelegea, kwamba shangazi na watoto wake ndio wanaolima. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akauliza kama mwaka huu wamepanda viazi au maharagi, kisha akaninyooshea kikombe nimwongezee chai.